Kesho yake ya sikukuu, viporo na korosho za kukaanga

Mi siku ninayoisubiri kuliko zote sio sikukuu yenyewe, ni kesho yake. Sikukuu ni kazi jamani, watu wako jikoni toka alfajiri wanakata vitunguu, kila sufuria iko motoni, ukija kukaa mezani mpishi ushashiba harufu na miguu inauma, unaonja onja hapa na pale af unanyanyuka tena kuhudumia wageni. Kesho yake sasa, chakula kipo, kimeshapikwa, nyumba imetulia, unafungua friji unachagua unachotaka, unakula saa unayotaka, na hakuna wa kukuuliza kwa nini umeanza na keki kabla ya nyama. Kwangu hiyo ndo raha yenyewe ya sikukuu. Na nimeona niiandikie maana kila zikipita sikukuu naona watu wanamwaga chakula kizuri kabisa, wengine wanakila huku wamenuna kwamba ni kiporo, na wengine wanakila kikiwa kimeshaharibika wanaumwa matumbo, na vyote vitatu vinaniuma kwa sababu vinaepukika.

Af kuna kitu ambacho kwenye meza yangu ya viporo hakikosekani, korosho. Korosho nilizokaanga mwenyewe, za chumvi na pilipili kidogo. Nazipenda sana, hilo sifichi, ila pale mezani hazijawekwa kwa mapenzi tu, zina kazi yake na ntaieleza.

Tuanze na ladha. Kuna vyakula ambavyo kesho yake vinakua vitamu kuliko vilivyokua jana, na hapa naongelea mchuzi wa nyama, maharage, supu nzito, yani chochote kilichopikwa taratibu chenye majimaji na viungo. Sababu zipo wazi. Viungo vinapata muda wa kuingia ndani ya nyama na mboga, ule ukali wa kitunguu na kitunguu saumu unapoa, chumvi inasambaa sawasawa. Na nyama zile ngumu ngumu zenye mishipa na ngozi, zikichemka muda mrefu kolajeni yake, ile protini ngumu ya mishipa na ngozi, inageuka jelatini, yani ute unaoganda ukipoa, ndo maana ukifungua friji asubuhi unakuta mchuzi umeganda unatikisika, wengine wanadhani umeharibika, wala, hiyo ni dalili ulipika vizuri. Ukipasha inayeyuka tena na mchuzi unakua mzito unaoshika mdomoni. Juu yake utakuta mafuta yameganda yamejitenga, hapo una uamuzi, kama mchuzi ulikua na mafuta mengi mno chota kwa kijiko uyatoe, ndo wakati rahisi kuliko wote wa kuyatoa, jana yakiwa ya moto ingekua kazi ngumu zaidi.

Vingine vinapoteza, na bora mtu ujue mapema ni vipi ili usivipashe ovyo. Nyama iliyookwa au kuchomwa, kuku hasa, ukiipasha siku ya pili inakuaga na kaladha fulani hivi ka kuchakaa, ambacho jana hakikuwepo. Kinachotokea ni kwamba mafuta yaliyo ndani ya nyama yanakutana na hewa yanaanza kuoza polepole, na madini ya chuma yaliyoko kwenye nyama yenyewe yanaharakisha hilo zoezi. Samaki ndo kabisa, mafuta yake yanabadilika haraka zaidi. Dawa yake ni kuinyima hewa toka mwanzo, toa nyama kwenye mifupa, ipange kwenye chombo kidogo ijae, mwagia na mchuzi wake kama upo, funika vizuri. Kesho yake usiipashe ikiwa kavu, iweke ndani ya mchuzi au supu. Au usiipashe kabisa! Kuku baridi aliyekatwa vipande vyembamba, na ndimu na chumvi na nyanya mbichi, mi kwa kweli namuona ni bora kuliko yule aliyerudishwa kwenye oveni akakauka mara ya pili. Na nyama zilizopikwa na karafuu au rozimari zinavumilia zaidi, hivyo viungo vinapunguza kasi ya mafuta kuharibika, kwahiyo ukijua unapika nyingi kwa makusudi ili ibaki, hilo unaliweka akilini toka jana yake.

Wali nao una tabia yake. Ukilala kwenye friji unakua mgumu, punje zinaachana, wanga uliokua umelegea unajipanga upya na kukaza. Watu wanalalamika wali wa jana mgumu wakati huo ugumu ndo unaotakiwa ukitaka kuukaanga, wali wa moto uliotoka jikoni sasa hivi ukiukaanga unakua uji. Wa jana unavunja kwa mkono yale mabonge, kikaangio kiwe cha moto kweli, mafuta, kitunguu, mboga zilizobaki, yai, wali, dakika chache umemaliza. Mkate ni hivyo hivyo wanga wake unakaza, ila kwa mkate friji ni adui, unakua mgumu haraka ukiwa kwenye friji kuliko ukiwa mezani, kwahiyo ama uache nje umefungwa vizuri kwa siku mbili hivi, ama ukate vipande uweke friza moja kwa moja, af unatoa kipande kimoja kimoja unachoma.

Sasa hapa ndo naingia kwenye korosho. Ukikaa ukaangalia viporo vyote kwa pamoja, mchuzi, wali, nyama, viazi, mboga, utagundua vina ladha, vina chumvi, vina mafuta, ila vyote vimelainika. Ile ngozi ya kuku iliyokua inalia mdomoni jana, leo imelegea. Viazi vya kuoka vilivyokua na ganda kavu, leo vimekua laini pande zote. Ni kwa sababu ukishafunika chakula maji yaliyo ndani yanatembea polepole yanaenda kwenye ile sehemu kavu ya nje mpaka vyote vinalingana, friji haiwezi kuzuia hilo. Unakula kijiko cha kwanza kitamu, cha pili kitamu, cha tano mdomo ushachoka na hujui umechoka nini. Umechoka ulaini. Mtu anafikiri kiporo kimepoteza ladha, anaongeza chumvi, anaongeza pilipili, na chakula kinaharibika, kumbe kilichopungua ni cha kutafuna tu.

Konzi moja ya korosho za kukaanga inarudisha hiyo. Unazivunja vunja kwa mgongo wa kijiko unamwagia juu ya wali ukishaipua, usizitie mapema zikalowa. Juu ya supu nzito. Juu ya mboga za majani zilizobaki. Ndani ya ile saladi ya kuku baridi, hapo ndo penyewe kabisa maana korosho zina utamu fulani wa mbali na mafuta yake ni laini, hazigombani na kuku, wakati karanga zinapenda kutawala, ukiweka karanga kila kitu kinakua karanga. Lozi nazo ni nzuri ila ngumu zaidi, nazila peke yake nikiwa nasoma, kwenye chakula naona zinakaa mbali mbali na wenzake. Haya ni maoni yangu na nayasimamia.

Kuna njia nyingine ya korosho ambayo inaokoa kuku mkavu, hii ya kuzilainisha kabisa. Chukua korosho mbichi, yani ambazo hazijakaangwa wala kutiwa chumvi, mwagia maji ya moto ziloweke nusu saa, mwaga yale maji, weka kwenye blenda na maji masafi kidogo usage mpaka iwe laini kabisa. Inatoka krimu nzito nyeupe bila maziwa. Unatia kwenye mchuzi uliobaki, unachemsha taratibu huku unakoroga maana inashika chini, na unatumbukiza kuku wako. Mchuzi unakua mwingi tena, unatosha watu wote, na hakuna atakayejua ulikua wa jana, na hata akijua anaongeza.

Kukaanga kwenyewe. Najua za dukani zipo, ila za nyumbani unaamua mwenyewe chumvi na rangi, na harufu yake ikijaa nyumba aisee watu wanatoka vyumbani. Nunua zilizobanguliwa tayari. Hili nalisema kwa msisitizo kwa wale wenye mti nyumbani wanaotaka kujaribu na ganda lake, ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi mpaka inatoka malengelenge, na moshi wake ukichoma ni mbaya kwa macho na mapafu, kubangua kuna watu wa kazi hiyo na vifaa vyao. Ni mti wa ajabu huo, tunda lake bibo linakua juu na korosho inaning'inia nje chini yake ndani ya hilo ganda kali, asili yake Brazili kaskazini mashariki, Wareno ndo waliousambaza miaka ya 1500 wakaupeleka India na Afrika Mashariki. Ukifikiria safari yote hiyo na kazi ya kubangua, unaelewa kwa nini bei yake sio ya karanga, na kwa nini kuziunguza ni dhambi.

Basi, kwa gramu 250 za korosho nayeyusha nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye vijiko viwili vikubwa vya maji ya moto, nazimwagia kwenye bakuli nazipindua pindua mpaka zote zimelowa. Hii hatua ndo siri, chumvi kavu ukiimwaga juu ya korosho haishiki, inabaki chini ya bakuli, mpaka uweke mafuta mengi, lakini maji ya chumvi yakikauka chumvi inabaki imegandia kwenye punje yenyewe. Nazisambaza kwenye trei safu moja tu zisipandane, oveni nyuzi 160 hivi za sentigredi, na nazigeuza kila baada ya dakika chache. Zinachukua robo saa, zaidi kidogo kama maji yalikua mengi. Kama huna oveni kikaangio kizito na moto mdogo vinatosha, ila hapo huondoki, unakoroga muda wote, simu weka mbali.

Na zitoe kabla hazijafika rangi unayoitaka. Korosho ina mafuta mengi, karibu gramu 44 kwenye kila gramu 100, na hayo mafuta yanabaki ya moto yanaendelea kuipika hata ukishazima, kwahiyo ukizitoa zikiwa kahawia nzuri baada ya dakika tano zimekua kahawia ya kuungua. Zimwage kwenye sahani baridi, usiziache kwenye ile trei ya moto. Pilipili ya unga naitia hapo hapo zikiwa bado za moto, na tone la mafuta, kwa sababu pilipili ikikaa ndani ya oveni inaungua inakua chungu na inakohoza nyumba nzima. Af subiri. Korosho ya moto ni laini, ukionja utadhani haijaiva utairudisha uiunguze, inakaza ikipoa. Ngoja zipoe kabisa ndo ufunike, ukifunika zina joto mvuke unabaki ndani na kazi yote imeenda bure.

Kwa wanaojali, konzi ya gramu 30 ina kalori kama 165 na protini gramu 5 na kitu. Mi siku hiyo sihesabu ila naziweka kwenye kibakuli kidogo badala ya kula kutoka kwenye mkebe, nazifurahia zaidi nikiziona zinaisha.

Nirudi kwenye viporo, maana raha yote hii inategemea jana ulivyovihifadhi, na hapa ndo watu wanapoumia. Sikukuu chakula kinakaa mezani mchana kutwa, mgeni wa saa saba anakula, wa saa kumi anakula, wa usiku anakula, sufuria ile ile. Bakteria wanazaliana haraka chakula kikiwa kati ya nyuzi 4 na nyuzi 60 za sentigredi, na meza ya sikukuu iko hapo hapo katikati. Kanuni inayotumika ni saa mbili, chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kama joto la hapo mlipo limezidi nyuzi 32 basi saa moja tu. Kwahiyo mi sisubiri wageni waondoke, wakishakula wengi nachota inayotosha watakaochelewa naibakisha jikoni ikiwa ya moto kweli kweli, inayobaki inaingia kwenye vyombo. Hii sio uchoyo, ndo inayofanya kuwe na kesho yake.

Kuna imani imeenea kwamba chakula lazima kipoe kabisa ndo kiingie friji. Hapana, ukisubiri sufuria kubwa ipoe yenyewe inaweza kuchukua masaa mengi sana, na katikati kule ndani bado vuguvugu, na kuna bakteria anaitwa Clostridium perfringens anapenda hasa hayo mazingira, sufuria kubwa la nyama na mchuzi lililoachwa lipoe taratibu. Gawanya. Vyombo vifupi, vya kina kidogo, chakula kisizidi kina cha vidole vitatu hivi, viache mvuke mkali utoke kidogo af viingie. Friji iwe nyuzi 4 au chini yake, na usivipange vimebanana hewa ikakosa pa kupita.

Wali uheshimu zaidi. Watu wanaogopa nyama wanadharau wali, wakati kwenye mchele kuna bakteria wa Bacillus cereus ambao mbegu zake hazifi kwa kuchemka, wali ukiachwa nje usiku kucha wanaamka wanazaliana na wanatoa sumu, na ile sumu hata uupashe mpaka utoe moshi haiondoki. Wali uliolala juu ya jiko kwangu hauliwi, hata uwe unanukia vizuri namna gani, maana pua haioni hawa, chakula kinaweza kukuumiza na hakina harufu yoyote.

Kilichoingia friji kwa wakati kina siku tatu mpaka nne. Zaidi ya hapo friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, na usisubiri siku ya nne ndo upeleke friza, peleka siku ile ile au kesho yake asubuhi kikiwa kwenye ubora wake. Kikitoka friza kiyeyukie ndani ya friji, sio juu ya meza. Ukipasha pasha kweli, mpaka nyuzi 74, mchuzi na supu vichemke mapovu yapande, sio vuguvugu la kula haraka, na pasha kile unachokula tu, sio sufuria lote kila mara linatoka linarudi. Maikrowevu inaacha sehemu baridi katikati, kwahiyo funika, simamisha ukoroge, endelea, af kiache dakika moja mbili kabla ya kula joto lisambae.

Ukiwa na hivyo vyombo vyako vifupi vimepangwa, mapishi yenyewe yanakuja bila kufikiria. Viazi vilivyopondwa navichanganya na yai na kitunguu, natengeneza vidonge, navibiringisha kwenye korosho zilizokatwa katwa vidogo zishike pande zote af nakaanga kwa mafuta kidogo moto wa wastani, nje kunakua na ganda la korosho ndani laini, hiyo asubuhi na chai, jamani. Keki iliyokauka naivunja kwenye glasi, mtindi juu, tunda lolote lililopo, korosho juu. Mifupa ya kuku naichemsha na vitunguu na karoti masaa mawili matatu, nachuja, na hiyo supu ndo napashia ile nyama kavu niliyosema, au naigandisha kwenye friza kwenye vyombo vidogo.

Kama unawapa watu wengine hivi vyakula waambie kuna korosho ndani, usiwaachie wagundue, hasa ile krimu maana haionekani kabisa kwenye mchuzi. Mzio wa korosho na karanga unaweza kumuua mtu kweli, na anayeumwa na karanga sio lazima aumwe na korosho na kinyume chake, karanga ni jamii ya kunde inaota ardhini, korosho ni ukoo mwingine kabisa, kwahiyo usijijibie mwenyewe, muulize mhusika. Na watoto wadogo chini ya miaka mitano wasipewe nzima nzima, zinawakaba, wasagie.

Korosho zikibaki, na ukikaanga za kutosha zitabaki, adui zake ni hewa, mwanga na joto. Mkebe unaofunga barabara, kabatini pasipo na jua wala karibu na jiko, zinakaa wiki kadhaa bado nzuri, kwenye friji miezi. Zikianza kunuka kama rangi ya mlango mafuta yake yameharibika, tupa. Yenye ukungu au iliyobadilika rangi au chungu mdomoni, tema na tupa, usiseme ntaikaanga tena, sumu ya ukungu haitoki kwa moto wa jikoni. Zikilegea tu kwa unyevu ila harufu iko safi, hizo hazina shida, zirudishe kwenye oveni dakika tano kwa moto mdogo, ziache zipoe, zinalia tena mdomoni.